Sailensa ya Gari la Mikate

Mtaani walimwita Mzee Sailensa, na jina hilo hakulipata kwa ukimya. Mkimya, yule? Akicheka, geti la jirani linatikisika. Jina lilitoka kwenye kazi yake. Kwa mafundi magari, sailensa ni ule mngurumo wa chini wa injini, gari likiwa limesimama na dereva hajakanyaga mafuta, na kwa magari ya zamani, yale ya kabureta yasiyojua kompyuta ni kitu gani, hakuna aliyeuweka sawa kama yeye. Gari liliingia gerejini kwake likikohoa na kumwaga moshi mweusi, likatoka linapumua kwa upole hadi mwenyewe anauliza, "Fundi, limewaka hili au bado?" Mzee alilipenda swali hilo kuliko malipo.

Siku hizi hakuna aliyeliuliza. Magari yalitoka mikononi mwake yakinguruma kama yamegombana na mtu, na aliyejua sababu ni binti yake, fundi mwenzake hapo gerejini. Huyu walimwita Bisibisi, kwa ajili ya kibisibisi chenye mpini mwekundu alichokichomeka kwenye kilemba chake kutwa nzima, na wakati mwingine akaenda nacho hadi sokoni bila kujua. Sababu yenyewe haikuwa na fumbo lolote. Masikio ya mzee yalikuwa yanakwisha.

Nyumbani televisheni ilisikika hadi ng'ambo ya barabara, na majirani walishaacha kuwasha redio zao saa ya taarifa ya habari. Mama alikuwa amejifunza kuzungumza na mumewe kwa nyusi. Ukimwambia mzee jambo asilolisikia, alitabasamu na kujibu, "Haswa!" kwa sauti ya hakimu. Ni kwa "Haswa!" hiyo ndipo gerejini palipojaa matairi yaliyokwisha meno, maana muuza chakavu aliuliza kama anaweza kuyaacha hapo kwa muda tu.

Kazi ya kabureta ni kazi ya masikio. Unapasha injini moto kwanza, unashika skrubu, unazungusha kidogo, unasikiliza, unarudisha kidogo, unasikiliza tena. Mzee aliendelea kufanya hivyo hivyo alivyofanya maisha yake yote, isipokuwa sasa alipandisha sailensa hadi pale alipoisikia vizuri yeye. Na pale alipoisikia yeye, mtaa wote ulishaisikia zamani.

Kwa nini basi Bisibisi asimwambie? Kwa ajili ya kiti cha mjomba.

Mjomba wake, kaka wa mama, alikuwa dereva wa lori. Macho yake yalipofifia, wanawe walimwitia kikao, wakampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: baba umechoka, baba pumzika, baba sasa ni zamu yetu. Wakachukua funguo. Mjomba akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki barazani, akaendelea kukaa, na mwaka haukuisha wakamzika. Bisibisi alikuwapo siku ya kikao. Alimwona mjomba anavyoziangalia zile funguo zikiingia mfukoni mwa mtu mwingine, na toka siku hiyo aliapa kwamba baba yake hatanyang'anywa bisibisi mkononi, si na yeye, si na mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo alijifanya hamnazo, na akabuni njia. Mzee akishamaliza kutyuni na kwenda kunawa mikono, yeye alichomoa kibisibisi kilembani, akainama kwenye boneti kana kwamba anafuta vumbi, akateremsha sailensa. Sekunde chache tu. Mzee akirudi na taulo begani, gari limetulia, mteja anaridhika, kila mtu anakwenda zake. Mambo yakaenda hivyo kwa muda mrefu, na huenda yangeendelea, kama si gari la mikate.

Gari la mikate lilikuwa dogo, la mizigo, rangi yake ya njano imebaki pale tu ambapo kutu haijafika. Mwenyewe alikuwa Mama Mikate, mwanamke mnene mwenye tanuri mwisho wa barabara na mdomo usiokuwa na breki. Gari hilo lilianza kuzima. Si barabarani likikimbia, hapana, huko lilikwenda vizuri. Lilizima njia panda, pale anapoondoa mguu kwenye mafuta kusubiri wengine wapite. Basi linazima, nyuma wanapiga honi, na Mama Mikate anashusha kioo kuwaeleza walivyolelewa vibaya.

Alilirudisha gerejini. Mzee akapandisha sailensa, binti akaiteremsha, gari likaondoka. Likarudi tena. Mzee akaikagua skrubu akakuta iko chini, akatikisa kichwa.

"Springi imelegea," alimwambia binti yake. "Inaachia skrubu inajizungusha yenyewe. Vifaa vya siku hizi havina haya."

Akaweka springi mpya, akapandisha sailensa. Binti akaiteremsha. Gari liliporudi tena mzee aliitazama ile springi mpya kwa uchungu wa mtu aliyesalitiwa na rafiki, akaweka nyingine, na Bisibisi alisimama pembeni ameuma midomo, hajui acheke au alie.

Kwa sababu alijua kasoro ilipo. Alikuwa ameisikia.

Ilikuwa chini kabisa ya kabureta, pale inapokaa juu ya injini: mluzi mwembamba, sss, sss, kama mtu anayemwita mwenzake kanisani. Gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba katikati ya vyuma hivyo viwili, ilikuwa imepasuka, na injini ilikuwa inavuta hewa kwa mlango wa nyuma. Hewa ikizidi, petroli inakuwa haitoshi, na dereva akiondoa mguu kwenye mafuta injini inakata pumzi. Mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha, akiwa bado msichana wa kusafisha plagi. "Ukisikia nyoka chini ya kabureta, usiguse skrubu yoyote. Mtafute nyoka kwanza."

Lakini nyoka huyu alilia kwa sauti nyembamba, na sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kumkimbia mzee. Ukimwambia kuna mluzi, umemwambia hakuusikia. Bisibisi alifungua mdomo mara kadhaa, akakiona kiti cha plastiki, akaufunga. Alipanga kubadilisha gasketi siku mzee akitoka, na kwa sasa akawa anaongeza petroli kidogo kwa skrubu ya pili. Mzee hakutoka. Na kubandua kabureta nzima si kazi ya kufanya mtu akiwa ananawa mikono.

Mwisho Mama Mikate akafika akiwa na unga hadi kwenye nyusi.

"Mzee wangu, nakuheshimu," alisema, na kila mtu akajua heshima inaishia hapo. "Leo limezima katikati ya njia panda, mikate imepoa, trafiki amekuja kunisaidia kusukuma, trafiki mwenyewe akala mkate! Nakuachia hapa hadi Jumamosi. Likizima tena nalipeleka kwa wauza chakavu, nanunua la kompyuta."

"Haswa!" alisema mzee.

Safari hii lakini alikuwa amesikia. Bisibisi aliiona shingo yake ikikakamaa. Mama Mikate alipokwisha kuondoka kwa miguu, mzee alibaki ameegemea gari lile la njano, akiligonga gonga kwa kidole.

"Hili nimelishika tangu lina rangi," alisema. "Nikilishindwa hili, natundika ovaroli. Jumamosi hiyo hiyo. Fundi asiyeweza sailensa ya gari la mikate anangoja nini gerejini?"

Bisibisi hakulala vizuri tangu hapo. Baba yake hakuwa mtu wa maneno matupu. Aliwahi kusema akiachana na sigara hataigusa tena, na kweli hakuigusa, ingawa alinuna hadi mvua zikanyesha na kukoma.

Jumamosi ilipofika mzee alikuwa wa kwanza kufungua gereji. Alifungua kifuniko cha juu cha kabureta, akakitoa kiboya kidogo cha shaba, akakitikisa karibu na taa kuona kama kimeingia petroli ndani. Kizima. Akazitoa jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, akazipuliza, akazielekeza kwenye mwanga na kuchungulia kwa jicho moja. Safi. Akapima sindano inayofunga petroli, akaisugua, akairudisha. Kila alichokigusa alikigusa sawasawa. Bisibisi alimpokeza spana na kitambaa, na moyoni alijisikia vibaya kuliko siku zote, kwa kuwa mikono ile haikuwa imesahau chochote. Kabureta yenyewe mzee hakuibandua. Aibandue kwa nini, na nyoka hakumsikia?

Wakaliwasha. Mzee akainama, akazungusha skrubu. Injini ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, ikazima. Wakaliwasha tena. Ikapanda, ikashuka, ikazima. Chini ya kabureta mluzi ulikuwa unalia waziwazi, na Bisibisi aliona kama unalia ndani ya kichwa chake.

Walipojaribu mara nyingi hadi petroli inanuka gereji nzima, mzee alisimama wima. Alichukua kitambaa akafuta mikono yake, kidole baada ya kidole, bila haraka. Kisha akaangalia msumari ukutani, ule anaotundikia ovaroli jioni, na mkono wake ukaenda kwenye kifungo cha juu.

"Baba," alisema Bisibisi. "Kuna hewa inaingia."

"Haswa," alisema mzee kwa upole, akifungua kifungo cha pili.

Hakusikia. Mlango wa pili jirani yao, fundi mageti, alikuwa anasaga chuma na cheche zinaruka hadi uani, hata mwenye masikio mazima angeomba arudiwe. Bisibisi akapiga moyo konde, akavuta pumzi hadi tumboni, akapiga kelele ambazo hakuwahi kumpigia baba yake tangu azaliwe.

"BABA! KUNA HEWA INAINGIA CHINI! INAPIGA MLUZI, NA WEWE HUUSIKII!"

Na fundi mageti naye, kwa bahati mbaya ya Bisibisi, alikuwa amezima mashine katikati ya sentensi. Maneno "na wewe huusikii" yakatoka yakaenda mtaani peke yake, yakagonga ukuta wa ng'ambo, yakarudi. Fundi mageti alichungulia, akaona sura zao, akarudisha kichwa chake alikokitoa.

Mzee alisimama na kifungo mkononi.

"Mluzi," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini?"

Bisibisi alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, kwa aibu ya mzee, kwa ukimya wake, hata kwa machozi. Kwa swali hilo hakuwa amejiandaa. "Tangu mara ya kwanza lilipokuja," alisema.

Hapo mzee akawaka. "Tangu mara ya kwanza! Unajua gari la mtu linaumwa, unaliacha liende barabarani? Limezima katikati ya njia panda na lori linatoka upande wa pili, ungeniambia nini? Hivyo ndivyo nilivyokufundisha?"

"Nilikuwa napandisha petroli kidogo ili lisi..."

"Sema kwa nguvu! Tumeshakubaliana kwamba sisikii!"

"NILIKUWA NAPANDISHA PETROLI! NA NATEREMSHA SAILENSA! WEWE UKIENDA KUNAWA!"

Mzee alimtazama. Kisha macho yake yakahamia taratibu kwenye kibisibisi chekundu kilembani, halafu kwenye skrubu ya sailensa, halafu kwenye kikopo cha chuma kilichojaa springi alizozitoa.

"Springi," alisema.

"Zilikuwa nzima, baba. Zote."

"Nimemtukana muuza springi mbele ya watu."

"Nilikuwepo."

Bisibisi hakuweza kuvumilia tena. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye grisi akajichora uso mzima. Akamweleza, kwa sauti ya kupiga kelele maana hakukuwa na njia nyingine, habari ya kiti cha mjomba. Kwamba aliogopa. Kwamba aliona bora magari yote ya mji yangurume kuliko kumwona yeye anakaa barazani anahesabu wapita njia. Ni vigumu kulia na kupiga kelele kwa pamoja, na alifanya vyote viwili vibaya.

Mzee alikaa juu ya tairi mojawapo la muuza chakavu.

"Mimi najua kwamba sisikii, mwanangu," alisema. "Nani atajua kabla yangu? Niliacha kusikia mlio wa simu, nikaacha kusikia maji yakichemka. Nilidhani nyinyi hamjui." Akakuna kidevu. "Nilikuwa nawaficha nyinyi. Nilifikiri ukijua utaiogopa hii kazi, utasema baba amekwisha, utakwenda kutafuta ajira kwenye magereji makubwa. Kila siku nikienda kunawa nakaa huko bombani muda mrefu, najipa moyo nirudi."

"Muda huo mrefu ndio nilioutumia mimi," alisema Bisibisi.

Wakatazamana, baba ameshika kikopo cha springi, binti ana uso kama soli ya kiatu, na aliyeanza kucheka ni nani hakuna anayekumbuka. Walicheka hadi fundi mageti akachungulia tena.

Halafu mzee akafunga vifungo vyake viwili, akasimama. "Sikiliza," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kazi. "Mimi nikiiweka juu gari linapiga kelele lakini halizimi. Wewe ukiiteremsha na nyoka yupo ndani, linazima. Aliyemzimishia yule mama gari njia panda ni wewe. Unanielewa?"

"Nimeelewa, baba."

"Basi leta spana ya kumi na mbili tumtoe huyo nyoka."

Waliibandua kabureta. Gasketi ilitoka vipande viwili, imeungua na kuwa ngumu kama ganda la mkate ulioachwa tanurini, na ufa wake ulionekana hata kwa mtoto. Mzee alichukua karatasi ya gasketi, akaiweka juu ya kitako cha kabureta, akachukua nyundo ndogo ya kichwa mviringo, akaanza kuigonga pembeni taratibu, tik, tik, tik, ukingo wa chuma wenyewe ukiikata karatasi chini yake. Kazi hiyo haitaki masikio. Inataka mkono, na mkono wake ulikwenda bila kusita hadi karatasi ikadondoka ikiwa na umbo kamili na matundu yake yote. Waliifunga, wakaliwasha gari, wakaliacha lipate moto.

Bisibisi akainama chini, akasikiliza kwa makini. Mluzi haukuwepo. Akainua kidole gumba.

Mzee akaishika bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye injini na mpini wake kwenye mfupa nyuma ya sikio. Ilikuwa mbinu ya zamani ya kusikilizia vyuma vilivyolegea, na kwake sasa ilikuwa dirisha lililobaki wazi. Akafumba macho. "Ngumi zake nazipata," alisema. "Zinapiga kwa mpangilio. Lakini sauti zake laini sizipati." Akafumbua macho, akamtazama binti yake, na akauliza swali ambalo katika maisha yake yote ya ufundi hakuwahi kumwuliza mtu.

"Inasemaje?"

Bisibisi alitega sikio. "Inasema petroli imezidi. Rudisha kidogo."

Mkono wa mzee ukarudisha kidogo.

"Kidogo tena. Hapo! Usiguse. Sasa teremsha sailensa."

Mzee akateremsha. Akafika pale alipozoea kuishia, pale sauti inapoanza kumtoroka, akasita. "Tena?"

"Tena, baba."

Akateremsha. Bisibisi aliiona hofu ikipita usoni mwake, kwa kuwa kwake yeye injini ilikuwa imeondoka, imemwacha na vidole kwenye skrubu na gereji iliyo kimya. "Imezima?"

"Haijazima. Inapumua. Teremsha tena kidogo, niamini mimi."

Mzee akaweka kiganja cha mkono wa kushoto juu ya ubavu wa gari, akakiacha hapo, na kwa mkono wa kulia akateremsha tena, kwenda mahali ambapo hakuweza tena kufika peke yake. Chini ya kiganja kulikuwa na mtetemo mdogo, kama wa paka aliyelala.

"Hapo," alisema Bisibisi. "Hapo hapo, baba. Hiyo ndiyo yako ya zamani."

Mzee hakuondoa mkono. Alitaka kusema neno, lakini mlangoni pakaingia kivuli kipana chenye harufu ya hamira.

"Mnalitazama tu!" alisema Mama Mikate. "Jumamosi yote hii mnalitazama? Mikate yangu iko kwenye trei, wateja wananingoja, na nyinyi hata kuliwasha hamjaliwasha! Pisheni huko!"

"Mama, subiri kwanza," alianza Bisibisi, lakini Mama Mikate alishajitupa kwenye kiti, akaushika ufunguo na kuuzungusha kwa hasira zote za wiki.

Ukitaka kuwasha gari ambalo tayari limewaka, stata husaga meno kwenye chuma, na sauti yake hakuna anayeisahau. Kwa fundi mageti nyundo ilianguka. Mbwa mmoja akakimbia. Mama Mikate akaachia ufunguo, ameduwaa, akaweka sikio kwenye usukani, kisha akatoa kichwa dirishani na kuuliza kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo:

"Kwani limewaka?"

Mzee Sailensa alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili na amekunja uso mzima.

"Hiyo hata mimi nimeisikia!" akasema, akacheka hadi geti la jirani likatikisika.